Nilivyompa ushindi aliyeshika mkia

Umewahi kumpa kombe mtu aliyeshika mkia? Mimi nimewahi, tena kwa wino mweusi, gazetini, dunia nzima ikiona.

Ilikuwa mwaka 2014. Mwandishi wa michezo aliyekuwa zamu aliugua ghafla, na mhariri akanitupia jicho mimi wa kurasa za jamii. "Si baba yako alikuwa kedi? Basi gofu unaijua. Nenda." Nikaenda kwa madaha. Jambo moja nililijua tangu utotoni: katika gofu, mwenye hesabu ndogo ndiye bingwa. Jioni matokeo yakabandikwa ubaoni. Wa juu alikuwa na 41, anayemfuata 38, na chini kabisa kulikuwa na mtu mwenye 19. Sikuuliza mtu. Wala sikungoja zawadi zitolewe, kwa maana nauli ya matatu ilikuwa ikipanda kila dakika. Nikaandika kwamba bwana wa 19 amewagaragaza wenzake wote. Yaliyonipata kwa mhariri siku ya pili tuyaache.

Nilikimbilia kwa baba. Alicheka hadi akakohoa, kisha akaomba daftari na kalamu. Alilonifundisha jioni ile ndilo ninalokupa nawe, usije ukaaibika kama mimi.

Uwanja kamili una mashimo 18. Neno shimo hapa lina kazi mbili: ni kile kitundu chenye kibendera, upana wake milimita 108 tu, na pia ni njia nzima ya kukifikia. Unaanzia kwenye tii. Mbele yako kuna feawei, nyasi zilizokatwa vizuri. Kando yake ni rafu, majani marefu ya kumezea mipira. Hapa na pale kuna banka, yaani shimo la mchanga. Mwisho ni grini, nyasi zilizonyolewa kama zulia, na kitundu kiko hapo.

Sasa kila shimo lina pari. Hiyo ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kutumia. Shimo fupi ni pari 3, la wastani pari 4, refu pari 5. Ukijumlisha yote 18, viwanja vingi hufika 72. Ukimaliza shimo kwa mkwaju mmoja chini ya pari umepata birdi. Miwili chini ni igo. Mitatu chini ni albatrosi, na baba, kwa miaka yote aliyobeba mifuko, hakuiona hata moja. Ukizidisha mkwaju mmoja ni bogi, ukizidisha miwili ni bogi mbili, na kuendelea hadi uone haya. Ndiyo maana ukitazama Kenya Open kwenye televisheni, mashindano yaliyoanza mwaka 1967, unaona jina la mtu na alama ya kutoa mbele ya 12. Hana deni la mtu. Yuko mikwaju 12 chini ya pari.

Wanaoanza hukosea zaidi katika kuhesabu. Ukirusha fimbo kwa nia ya kupiga, ikapita hewani mpira ukabaki pale pale, huo ni mkwaju. Mpira ukipotea, una dakika tatu za kuutafuta (zamani zilikuwa tano, sheria ikabadilika mwaka 2019). Usipouona unarudi ulipopigia, unaongeza mkwaju mmoja wa adhabu, na unapopiga tena unapiga wa tatu, si wa pili.

"Na wale wenye 41?" nikamuuliza baba.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Ule haukuwa mchezo wa kuhesabu mikwaju, ulikuwa wa Stableford. Daktari mmoja Mwingereza, Frank Stableford, aliubuni ili shimo moja baya lisimharibie mtu siku nzima. Katika mchezo huu unapewa alama: bogi ni 1, pari 2, birdi 3, igo 4. Ukipiga bogi mbili au zaidi hupati kitu. Unaokota mpira wako na kwenda shimo linalofuata. Basi hapa mwenye nyingi ndiye mshindi, na yule niliyempamba gazetini alikuwa amefedheheka vya kutosha bila msaada wangu.

Kuna na hendikapu, ambayo humwezesha mwanagenzi kupambana na mkongwe. Tuseme wewe umepiga mikwaju 80 na hendikapu yako ni 6. Unabaki na 74. Mimi nimepiga 100, lakini hendikapu yangu ni 28; nabaki na 72. Nimekushinda, ununue chai.

Mambo haya yote huandikwa kwenye kadi. Huiandiki yako, mnabadilishana, wewe unaandika ya mwenzako na yeye yako, kisha mwishoni kila mmoja anaikagua yake na kutia sahihi. Roberto De Vicenzo wa Argentina alilipa ghali mwaka 1968 kule Augusta, Marekani. Katika shimo la 17 alipata 3, mwenzake akaandika 4. De Vicenzo akatia sahihi bila kuona. Sheria ikasema hesabu kubwa iliyotiwa sahihi haifutiki. Badala ya kuwa sare kileleni, akashindwa kwa mkwaju mmoja, na Bob Goalby akatwaa taji la Masters.

Nilidhani baba amemaliza. Akaingia chumbani, akatoka na bahasha. Ndani mlikuwa na kadi iliyopauka, ya mwaka 1994. Siku za Jumatatu makedi waliruhusiwa kucheza, na mara moja kwa mwaka walishindana. Zawadi ya kwanza siku ile ilikuwa unga, sukari na mafuta ya kupikia. Nyumbani tulikuwa watoto watano.

Shimo la 16 lilikuwa na 6 iliyozungushiwa duara.

"Mpira wangu ulikuwa rafuni," akasema. "Nilipoweka fimbo nyuma yake, ukajongea. Kidogo tu, kama punje ya mchele. Wenzangu walikuwa ng'ambo ya pili ya feawei. Nilipofika grini nikamwambia aliyeshika kadi yangu aongeze mmoja."

"Ulishindwa kwa mingapi?"

"Mmoja."

Mama alikuwa jikoni, na kumbe masikio yote yalikuwa sebuleni. Akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Mwulize basi tulikula nini wiki ile! Binti yangu, tulikula sukuma bila ugali, na mzee wako ananieleza habari za mpira uliojongea, ambao hakuna aliyeuona!"

Nikamtazama baba. Alikuwa akiirudisha kadi kwenye bahasha, polepole, asiikunje.

"Ulijongea, Mama," akasema.