Siku Samora Alipopita Barabara ya Pugu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ugeni wa taifa ulikuwa ukituingia kichwani kabla mgeni mwenyewe hajafika. Shule yetu ya msingi haikuwa mbali na Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, njia ya kutoka uwanja wa ndege kwenda mjini. Redio ikishatangaza kwamba Rais Samora Machel wa Msumbiji anakuja, mwalimu wetu wa Siasa aliweka kando ratiba yake, akatuchorea Mto Ruvuma.

Alitueleza kwamba Frelimo iliundwa hapa hapa Dar es Salaam Juni 1962, na kwamba wapiganaji wake walipata mafunzo Nachingwea. Eduardo Mondlane, kiongozi wao wa kwanza, aliuawa jijini mwetu Februari 1969 kwa bomu lililotumwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Samora akashika uongozi, na mwaka 1975, uhuru ulipokaribia, alirudi kwao akitokea Tanzania. Mtoto wa darasa la nne akishayasikia hayo, Msumbiji haiwi tena jina la kwenye ramani.

Siku yenyewe tulipangwa kandokando ya barabara tangu asubuhi, Chipukizi na skafu zao, kina mama na ngoma zao. Jua lilikuwa kali. Wapo watoto walioanguka kwa kiu, na masomo ya siku nzima yalipotea; hilo lilikuwa kosa na sitalitetea. Lakini msafara ulipotokea, Samora amesimama kwenye gari la wazi, kavaa kombati, mkono juu, Mwalimu Nyerere ubavuni mwake, tulijua tunamshangilia nani na kwa nini. Oktoba 1986 ndege yake ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini, mtaani kwetu watu wazima walilia. Walikuwa wamefiwa.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Vita vya ukombozi vilikwisha, somo la Siasa likaondoka, gari la wazi likawa la vioo vyeusi. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Agosti 1998, lililoua watu 11 hapa Dar es Salaam, nani angelaumu ulinzi kukazwa?

Mwaka 2013 wageni wakubwa walifuatana. Machi alikuja Rais Xi Jinping wa China, Julai akaja Rais Barack Obama wa Marekani, na barabara ya ufukweni ikapewa jina lake. Katika ziara ya Machi nilikuwa kwenye daladala iliyozuiwa na polisi. Vijana waliokaa karibu nami walisikia kwamba rais wa China anakwenda makaburini, Gongo la Mboto, wakashangaa: ana ndugu gani huko? Wawili kati yao walikuwa wenyeji wa huko huko. Hawakuwa wameambiwa kwamba pale wamezikwa wataalamu wa Kichina waliofariki wakati wa ujenzi wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Niliwasimulia mpaka njia ilipofunguliwa, na walisikiliza kwa hamu kubwa.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Foleni naivumilia. Kisichovumilika ni urafiki wa nchi mbili kubaki kuwa mambo ya Ikulu na wapiga picha, wakati wenye nchi wanaulizana barabarani nani kapita.

Sitaki watoto warudishwe juani. Ninawaomba wanaoandaa ziara hizi wapeleke maelezo shuleni na kwenye redio za mikoani wiki moja kabla: mgeni ni nani, nchi yake na yetu zimetoka wapi pamoja, na mikataba itakayosainiwa itatupa nini na kutudai nini.