Okestra Iliyohamia Shuleni

Katika mji wa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, iko okestra ambayo yafaa isomwe na walimu kwa sababu ya mahali inapofanyia mazoezi kuliko kwa sababu ya sifa zake jukwaani, ingawa sifa hizo ni nyingi. Jina lake ni Deutsche Kammerphilharmonie Bremen. Tangu mwaka 2007 vyumba vyake vya mazoezi vimo ndani ya shule iitwayo Gesamtschule Bremen-Ost, katika mtaa wa Osterholz-Tenever. Okestra nyingi huzitembelea shule. Hii ilihamia.

Msomaji ambaye hajapata kuiona okestra ya namna hii aifikirie kama kundi dogo kuliko zile okestra kubwa zenye watu 80 au 100. Wachezaji wake ni kama 40 tu: wengi wa fidla kubwa na ndogo, wachache wa filimbi, zumari na tarumbeta, na mpiga ngoma. Kwa uchache wao kila mmoja husikika, na asiyejitayarisha hana mgongo wa mwenzake wa kujifichia. Ilianzishwa mwaka 1980 na vijana waliokuwa bado wanafunzi wa muziki. Mwaka 1987 waliifanya kazi yao ya kudumu, na mwaka 1992 wakahamia Bremen. Wachezaji wenyewe ndio wenye hisa, kwa hiyo hasara ikitokea ni yao, na uamuzi pia ni wao. Mwaka 2004 Paavo Järvi, mzaliwa wa Tallinn, alishika uongozi wa sanaa, na chini yake simfonia zote tisa za Beethoven zilirekodiwa.

Osterholz-Tenever ni mtaa wa majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa katika miaka ya 1970. Wakazi wake wametoka nchi nyingi, na wengi wao kipato chao ni kidogo. Kwa muda mrefu mtaa huo ulitajwa mjini kwa ubaya tu. Okestra ilikuwa ikitafuta mahali pa kufanyia mazoezi, na shule ilikuwa na ukumbi ambao, ukitengenezwa, ungefaa. Twapenda kulitaja jambo hili waziwazi: kilichowakutanisha kwanza ni haja ya vyumba. Mwenye haja huwaheshimu wenyeji wake kwa namna ambayo mtoa sadaka aghalabu huisahau.

Basi wanafunzi na wanamuziki hukutana kila siku, hata wakati wa chakula. Na wakati wa mazoezi wanafunzi huweza kuketi katikati ya wachezaji wenyewe. Hapa ndipo twaomba msomaji atulie kidogo. Mtoto aliyezoea kuusikia muziki redioni huusikia ukiwa umekwisha kamilika, na si ajabu akadhani kwamba wako watu waliozaliwa nao. Lakini aketiye kando ya mpiga fidla mazoezini huona jambo jingine kabisa. Huona watu wazima, mabingwa wa kazi yao, wakisimamishwa katikati ya wimbo, wakirudia mahali pale pale mara ya tatu na ya nne, wakiulizana ni nani aliyewahi na nani aliyechelewa, wakiandika alama kwa penseli, kisha wakianza tena bila mtu yeyote kuona haya. Kosa limetajwa mbele ya wote, na aliyelifanya hakupungukiwa na heshima.

Yako pia mambo ambayo wanafunzi huyafanya wao wenyewe. Katika mfululizo wa maonyesho uitwao Melodie des Lebens, vijana hutunga nyimbo zao kuhusu maisha yao, hufanyiwa mpango wa ala, kisha huziimba jukwaani okestra ikiwapigia. Huandaliwa vilevile opera ya mtaa, ambayo hushirikisha mamia ya watu, wanafunzi pamoja na wakazi.

Wako wanaoisifu kazi ya namna hii kwa kusema kwamba mtoto apigaye fidla atafaulu hesabu. Hoja hiyo hatuipendi, maana hulifanya somo la muziki liwe kijakazi wa somo jingine, na siku hesabu zikipanda kwa njia nyingine muziki utafukuzwa. Hesabu ifundishwe kwa hesabu.

Sisi tulio katika vyuo vya ualimu twaona katika habari ya Bremen jambo lituhusulo kwa karibu zaidi. Wanachuo waendapo katika mazoezi ya kufundisha, siku ya mkaguzi hupambwa. Zana zote huning'inizwa, na somo huenda bila kukwama. (Na tuseme kweli: baadhi ya masomo hayo yamekwisha fundishwa jana yake, na darasa lajua majibu.) Watoto hawakosi kujifunza kitu siku hiyo. Hujifunza kwamba kazi njema ni ile isiyoonyesha jasho, na kwamba kosa ni kitu cha kufichwa mpaka mgeni aondoke. Mtoto akikwisha kulishika hilo katika darasa la pili, tutamwona darasa la sita akifunika daftari lake kwa mkono kila tunapopita.

Chukueni somo la insha. Mara nyingi twawapa watoto insha iliyokamilika na kuwaambia waandike kama hiyo. Mwalimu na aitunge yake ubaoni, mbele yao, bila kuwa ameiandika nyumbani. Asite, afute sentensi ya kwanza, aulize darasa kama neno hili lafaa, alirudishe lile alilolikata. Dakika 20 zatosha. Ubao utachafuka, na mwalimu mkuu apitaye dirishani huenda akashangaa.

Mwanachuo mmoja alituuliza, okestra tutaipata wapi? Katika vijiji na mitaa yetu mna kwaya zifanyazo mazoezi jioni, mna vikundi vya ngoma, mna bendi za tarumbeta. Huitwa shuleni siku ya sherehe, hupiga vizuri, hupigiwa makofi, huondoka. Waombwe waje wafanye mazoezi yao shuleni siku moja kila wiki, saa ambazo watoto hawajaenda nyumbani, nao watoto wapewe mabenchi katikati yao. Wakiuliza kama waje na sare zao, waambiwe zibaki nyumbani.