Betri Zilipokuwa na Vizibo

Miaka ya 1980, fundi umeme wa magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alipima betri kwa macho. Fundi mmoja, ambaye siku hizi anafundisha vijana, alianza kwa kubeba kipimo cha mkuu wake: haidromita, bomba la kioo lenye mpira wa kubinya na boya dogo ndani. Alifungua vizibo sita, kimoja kwa kila seli, akavuta asidi, akainua bomba usawa wa jicho.

Boya likielea kwenye 1.265, seli imejaa. Likizama hadi 1.120, imekwisha. Ila mkuu alitafuta zaidi tofauti: seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi, ndiyo iliyoiangusha betri nzima, na kuichaji usiku kucha hakusaidii. Walikuwepo pia waliogusisha spana kwenye vichwa vya betri ili waone cheche. Huyu mkuu alilikataza jambo hilo kwa ukali, na alikuwa na haki, maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja yatosha kuilipua usoni mwa mtu.

Kisha zikaja betri zilizozibwa. Vizibo vikaondoka, na siri ya kila seli ikaondoka navyo.

Ikabaki kutegemea mita: volti 12.6 betri imejaa, 12.2 imebaki nusu. Hapo ndipo wateja wengi walipoumia. Betri chakavu huweza kusoma 12.6 ikiwa imetulia, lakini ukiwasha gari taa za dashibodi zinafifia na stata inakoroma. Fundi wetu akazoea kusoma mita wakati stata inazunguka. Betri yenye chaji ikishuka chini ya 9.6, imechoka. Injini ikishawaka, altaneta itoe takriban 13.8 hadi 14.5. Isipotoa, betri mpya nayo itakufa, na pesa ya mtu imepotea bure.

Sasa vijana wake wana kifaa cha kiganjani kinachokadiria ampea za kuwashia bila kuikamua betri. Lebo inasema 550, skrini inasema 300. Mteja anaonyeshwa namba zote mbili, kisha kijana anaagizwa afungue nyaya, asugue ule unga mweupe kwenye vichwa, na apime upya kabla hajatamka neno "nunua".