Barabara ya misalaba

Ukitoka Roma kwa mlango wa San Sebastiano, unaingia mu barabara ya zamani sana, Via Appia. Waroma walianza kuijenga mwaka 312 mbele ya Kristo. Mawe yake ni meusi, ya volkano, magumu; wachimbaji wetu wangeyapenda. Siku ya Mungu watu wanatembea pale na watoto, wengine na baiskeli.

Mwaka 73 mbele ya Kristo, Spartacus, mtumwa aliyefundishwa kupigana ili watu wafurahi, alitoroka Capua na wenzake karibu 70. Watumwa maelfu wakamfuata. Mwaka 71 jemadari Crassus akawashinda, na wale 6000 walioshikwa wakasulubiwa kando ya njia, toka Capua mpaka Roma. Ni karibu kilometa 200. Vijana, fanyeni hesabu: msalaba mmoja kila metre 33, paka kule mwisho.

Tunawaza msalaba ulikuwa wa kuua tu. Hapana, kwa kuua upanga ulitosha. Msalaba ulikuwa wa kuonyesha: mtu uchi, pembeni ya njia, masaa mengi, hata siku nzima, ili mtumwa anayepita na mzigo aone, aogope. Raia wa Roma, kwa kawaida, hawakumtundika.

Karibu miaka 130 nyuma yake, mfungwa mmoja akapita mu barabara ile ile, askari pembeni: Paulo. Ndugu wa Roma wakakuja kumpokea kwa Soko la Apio na kwa Mikahawa Mitatu (Matendo 28). Alikuwa anawaletea habari ya mtu aliyesulubiwa, na wao walijua neno lile lilikuwa namna gani.