Mistari 10 Ndani ya Milimita 6

Kwa karakana ya anko wangu pale Kariobangi Light Industries, kila mtu ananiita Injinia. Jirani anayechomelea mageti, kijana wa mitumba, hata mama wa chapati. Mamangu ndiye aliyewaambia. Mimi sikuwasahihisha.

Ukweli ni kwamba niliacha chuo mwaka wa 3. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo. Nilikosa mtihani mmoja nikaficha. Nikakosa mwingine kwa sababu ya ule wa kwanza, huo pia nikaficha. Karo ya muhula uliofuata ikaishia kwa kodi ya nyumba. Siku hizi naandikia watu makala mtandaoni, nalipwa kwa idadi ya maneno, na kazi ikikauka naenda kwa Anko kushika mashine ya milingi.

Kama hujawahi kuiona, milingi ni kama drili kubwa ambayo meza yake inatembea. Kisu chenye meno kinazunguka juu, chuma kimebanwa kwa vaisi chini, na meza inakipitisha polepole chini ya meno. Kikitoka, uso wake unafaa kuwa laini sawasawa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Vyetu havikutoka hivyo. Mteja alikuwa ametuletea vyuma vyake tumchongee vifuniko 12 vya giaboksi. Alhamisi akaja kuangalia, akachukua kimoja, akapitisha ukucha juu yake. Krrr. Kama mtu anayekwaruza kitana.

"Hapa mafuta itavuja," akasema. "Narudi Jumamosi. Nikipata bado ni hivi, mtanilipa vyuma zangu."

Anko akanitazama. "Injinia, hiyo ni yako." Akaenda Kirinyaga Road kutafuta beringi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa msasa. Nilisugua kona ya kifuniko kimoja hadi mkono ukachoka. Iling'aa. Ukucha haukukwama tena. Nilijisikia mjanja kweli. Anko aliporudi hakusema kitu. Alisimamisha ukingo wa rula juu ya ile kona, akainua chuma usawa wa macho, akaniita nichungulie. Mwanga ulikuwa unapita chini ya rula.

"Ulikuwa na mikwaruzo," akasema. "Sasa uko na bonde inang'aa."

Kile kifuniko tukakiweka kando. Kilibaki na unene wa milimita 18.6 na mchoro ulitaka 18. Kila pasi ya majaribio ingekula 0.2. Yaani nilikuwa na nafasi tatu za kutafuta ugonjwa juu ya chuma hichohicho kabla hakijawa chuma chakavu.

Ya kwanza niliichoma Ijumaa asubuhi. Nilipunguza mwendo wa meza, nikaongeza kasi ya kisu, nikamwaga mafuta ya kukatia kama mtu anayekaanga mandazi. Upande mmoja ukawa afadhali, mwingine ukawa mbaya zaidi.

"Umebadilisha vitu tatu," Anko akasema. "Gani imesaidia na gani imeharibu?"

Sikuwa na jibu.

"Rudisha kila kitu vile kilikuwa. Halafu chukua rula, uhesabu."

"Nihesabu nini?"

"Mistari, bana. Chuma imekuandikia barua na wewe hutaki kuisoma."

Nikachukua kifuniko ambacho sikuwa nimekigusa, nikakipeleka mlangoni penye mwanga, nikaweka rula. Ndani ya milimita 6 kulikuwa na mistari 10. Nikahesabu tena mahali pengine. 10. Yaani mstari mmoja kila milimita 0.6.

Hapo hesabu ya darasani ikaamka. Kisu chetu kilikuwa kinazunguka mara 600 kwa dakika, na meza ilikuwa inatembea milimita 360 kwa dakika. Gawanya: milimita 0.6 kwa kila mzunguko. Lakini kisu kina meno manne. Kama meno yote yangekuwa yanafanya kazi sawa, alama zingekuwa kila milimita 0.15, ndogo kiasi kwamba ukucha ungepita tu. Mstari mmoja kwa mzunguko mzima maana yake ni jino moja limetokeza kuliko wenzake. Hilo ndilo linachimba mtaro, wale wengine watatu wanapita tu juu.

Nilisimama pale mlangoni na nikahisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa naelewa. Kumbe sikuwa nimeacha kwa sababu sielewi.

Tukafungua kisu. Meno yake ni vipande vidogo vya kabaidi vinavyofungwa kwa skrubu. Chini ya kimoja kulikuwa na chembe ya chuma, nyembamba kuliko ukucha, imebanwa pale na mtu aliyebadilisha meno bila kupangusa kikalio. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa nimeyabadilisha Jumanne, nikiwa na haraka ya kurudi kwa laptopu kumalizia makala kuhusu faida za kulala mapema.

Tukasafisha, tukafunga, nikapiga pasi ya pili. Mistari ikaisha. Lakini upande wa taya inayosogea ya vaisi bado kulikuwa na kiraka cha mawimbi, kimefifia, na kisu kikifika pale kililia.

Mkono wangu ukaenda kwa kitufe cha kasi. Anko akaushika.

"Karatasi," akasema.

Alirarua vipande vinne vya risiti. Chuma chetu kilikuwa kinakaa juu ya vipande viwili vya kukiinulia ndani ya vaisi. Akaweka karatasi chini ya kila kona, akakaza vaisi, akaniambia nivute. Mbili hazikutoka. Mbili za upande wa taya inayosogea zikatoka kama pesa kwa mfuko uliotoboka. Upande ule ulikuwa hewani, ndiyo maana ulitetemeka. Tukageuza kifuniko: ukingo wa chini ulikuwa bado na makali yaliyoachwa na msumeno.

"Unahangaika na juu," Anko akasema, "na chini hujawahi kuangalia."

Nikapiga tupa, nikapangusa vaisi, nikabana, nikagonga kwa nyundo ya plastiki mpaka karatasi zote nne zikakataa kutoka. Hiyo ilikuwa pasi ya tatu, ya mwisho. Kisu kikapita bila kulia. Nikapitisha ukucha kutoka kona hadi kona. Kimya.

Tulibaki hadi saa tano usiku tukifanya vile 11, kimoja kimoja, kila kimoja na karatasi zake. Nikiwa kwa kile cha mwisho, Anko akasema, "Kazi safi, Injinia."

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza miaka miwili.

"Anko, mimi si injinia. Sikumaliza. Niliacha mwaka wa 3."

Aliendelea kupangusa mikono na kitambaa. "Wenzako walivaa majoho Desemba. Nilingoja mwaliko, haukuja."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ningeuliza ungenipigia msasa."

Mashine ilikuwa imezimwa, na mbwa wa watchman alikuwa anabweka huko nje.

"Mamako anajua?"

"Hapana."

"Anauza mbuzi wake akuandalie sherehe. Alinipigia juzi kuniuliza hema ni pesa ngapi."

Hilo sikulijua. Nikakaa juu ya ndoo.

Jumamosi mteja alikuja na ukucha wake. Akajaribu vitano, akalipa, akaondoka. Anko akanitumia pesa yangu kwa simu, na juu yake nauli ya kwenda Murang'a, bila kusema ni ya nini. Ilikuwa ya kwenda tu.

Naandika hii nikiwa kwa matatu. Tumepita Thika. Nimejaribu kupanga sentensi ya kwanza nitakayomwambia, na kila nikiipanga nagundua nimeanza kuilainisha: mambo ya chuo yalikuwa magumu, unajua maisha ya Nairobi. Nafuta, naanza upya.

Mama, nilikosa mtihani mmoja.

Nitaanzia hapo.