Kutoka Droo ya Kadi

Nilipoanza ukutubi mwaka 1991, tasnifu za wanafunzi wa chuo chetu zilikaa kwenye chumba kilichofungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwangu. Kila moja ilikuwa na jalada gumu jeusi, na kadi zake tatu kwenye droo za katalogi: ya mwandishi, ya jina la kazi na ya mada. Kadi hizo nilizipiga chapa mwenyewe kwa taipureta. Msomaji alinakili namba kwenye kikaratasi, akaniletea, nikaingia kumtolea.

Ulikuwa utaratibu wa kuchosha. Lakini kadi za tasnifu zilikaa droo moja na za vitabu. Aliyetafuta habari za mkonge alikuta kadi ya kitabu kilichochapishwa London, na nyuma yake kadi ya tasnifu ya kijana wa Muheza.

Kompyuta zilipokuja tukahamishia katalogi ya vitabu kwenye Koha, programu ya bure iliyozaliwa New Zealand. Baadaye tasnifu zikaskaniwa na kuwekwa kwenye hazina ya kidijitali inayoendeshwa kwa DSpace, programu iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Tulifurahi mno. Mtu wa Kigoma angesoma tasnifu yetu bila kupanda basi. Kwa kuwa zilikuwa mtandaoni, tuliona hakuna haja ya kuziingiza tena kwenye katalogi. Hapo ndipo tulipokosea.

Siku moja binti wa shahada ya uzamili alinijia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Alikuwa akichunguza methali katika malezi. Alikwisha kutafuta kwenye katalogi asipate kitu, na katika pendekezo lake aliandika kwamba hapa chuoni hakuna aliyewahi kuishughulikia mada hiyo. Mimi nilikuwa ninaijua tasnifu ya 1984 iliyoishughulikia. Kadi yake ilipita mikononi mwangu. Ilikuwa ndani ya hazina yetu, mahali ambapo binti yule hakujua kwamba anapaswa kutafuta. Iliniuma. Mtu alihangaika vijijini na daftari lake, akaandika, akafaulu, kisha sisi watunzaji tukamfanya kama hakuwahi kuwepo.

Tukaanza kuvuna rekodi kutoka hazina na kuzigeuza kuwa za MARC, muundo ambao katalogi inausoma, kwa programu iitwayo MarcEdit. Kuvuna hakukuchukua muda. Kusafisha ndiko kulikotutoa jasho. Hazina hutoa taarifa kwa muundo sahili wa Dublin Core, wenye vipengele 15 tu, na tarehe zote huingia kwenye kipengele kimoja: ya kuandikwa na ya kupakiwa. Tasnifu ya 1984 ikasomeka ya 2014. Msimamizi alisimama kando ya mwandishi bila kuelezwa ni nani. Mtu aliyetumia majina mawili kwenye uzamili na matatu kwenye uzamivu akawa watu wawili.

Tulizipitia moja baada ya nyingine. Katika uga 502 wa rekodi ya MARC tuliandika kwamba hii ni tasnifu, ya shahada gani, ya chuo gani, ya mwaka gani. Katika uga 856 tukaweka kiungo cha kudumu; anwani inayoonekana juu ya kivinjari huweza kufa seva ikihamishwa. Uga 653 ndio nilioupigania zaidi. Vichwa vyetu vya mada vilifuata orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa hiyo tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu methali, kwa upande wa mada, ilipatikana tu kwa anayetafuta kwa Kiingereza. Uga huo unaruhusu maneno huru, nami nikaandika: methali, malezi, misemo, jando na unyago. Wenzangu wengine waliona ninapoteza muda. Sikukubaliana nao, na hadi leo sikubaliani.

Leo ukiandika “methali” kwenye katalogi yetu, tasnifu ile ya 1984 inatokea pamoja na vitabu, na ukibonyeza kiungo inafunguka. Nawe unayekabidhi tasnifu mwaka huu, nakuomba: andika majina yako yaleyale kila mahali, andika ikisiri inayotaja mahali na watu uliowachunguza, na umpe mkutubi maneno matano ambayo mtu wa kwenu angetumia kukutafuta.