Miaka mitano ya dada yangu niliyoificha kwenye CV

Dada yangu ni muuguzi. Alifanya kazi miaka minne katika hospitali moja binafsi jijini Dar es Salaam, akaacha mwaka 2019 baada ya binti yake kugundulika ana mtindio wa ubongo. Shemeji anaendesha malori ya masafa marefu, na mama yetu hana tena nguvu za kumbeba mtoto. Dada akabaki nyumbani miaka mitano.

Mtoto alipopata nafasi katika shule yenye kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, dada aliniambia, “Mdogo wangu, wewe ndiye mwandishi. Niandikie CV.”

Nilipofika kwenye ile miaka mitano nikakwama. Nikamuuliza, “Hapa tuweke nini?” Akajibu, “Weka ukweli. Nilikuwa namuuguza mwanangu.” Mimi na digrii yangu nikaona hilo si jambo la kuandika kwenye wasifu wa kazi. Nikasogeza tarehe mbele, ionekane ametoka hospitalini miezi michache tu iliyopita. Alisita. Nikamwambia kila mtu anafanya hivyo.

Nakala ile ile tukaituma kila mahali. Hospitali moja ikamwita kwenye usaili. Maswali ya kazi aliyajibu vizuri. Kisha msaili akachukua simu, akampigia matroni wa hospitali ya zamani, dada akiwa amekaa pale pale.

Saa sita mchana alikuwa amesharudi nyumbani. Hakunilaumu. Alikaa mkekani, akaanza kumnyoosha mtoto miguu kama kawaida yake. “Wameniona mwongo,” alisema.

Naandika habari za afya. Nimeshaandika zaidi ya mara moja kwamba kumlea mtoto mwenye ulemavu ni kazi nzito inayohitaji ujuzi. Kwenye karatasi ya dada yangu mwenyewe nikaifuta kazi hiyo.

Jumamosi iliyofuata tulikaa upya. Safari hii tulianza kwa kujiuliza karatasi hii inakwenda kusomwa na nani. Tukaishia na wasifu tatu, zote zikiwa na tarehe zile zile za kweli.

Wa kwanza ulikuwa wa serikalini, unaopitia mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira. Huko maneno matamu hayasaidii. Wanataka taarifa zilingane na vyeti: majina yafanane, wadhamini watatu wenye simu zinazopatikana, na kwa muuguzi, leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Leseni ya dada ilikuwa imeisha muda, kwa hiyo tulianza kuihuisha hiyo kwanza. Udanganyifu nao una mwisho wake: uhakiki wa mwaka 2017 ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Wa pili ulikuwa wa zahanati ya mtaani, ukurasa mmoja tu. Mwenye zahanati atausoma huku wagonjwa wakimsubiri, hivyo juu kabisa tuliweka leseni, miaka minne ya wodi ya wazazi, na kwamba anaishi umbali wa kutembea. Tukaandika pia kwamba anaweza zamu za mchana pekee. Heri wakatae mapema kuliko aanze kazi halafu ashindwe.

Wa tatu ulikuwa wa kituo cha mazoezi tiba kwa watoto wenye ulemavu. Hapo tuligeuza mpangilio, ile miaka mitano ikapanda juu. Niliandika: “2019 hadi 2024, malezi ya nyumbani ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mazoezi ya viungo kila siku kwa maelekezo ya mtaalamu, kumlisha mtoto mwenye shida ya kumeza, kutunza kumbukumbu za kliniki na dawa.”

Dada aliusoma mara mbili. Akasema, “Si kila siku. Jumapili tulikuwa tunapumzika.”

Nikafuta, nikaandika “siku sita kwa wiki”.

Kituo kilimwita. Walimuuliza karibu nusu saa kuhusu mstari ule mmoja: anamkalishaje mtoto wakati wa kula, anafanya nini akipaliwa. Wakampa mkataba wa miezi mitatu. Zahanati haikujibu. Serikalini bado anasubiri.

Mzazi unayesoma haya, huenda nawe una miaka uliyokaa nyumbani kwa ajili ya mtoto au mgonjwa. Si lazima uieleze kwa kirefu kila unapoomba kazi. Kwingine mstari mmoja unatosha, kwingine ndiyo inayostahili kukaa juu. Iandike kama ilivyokuwa, na ukipata mdogo wako msomi anayetaka kukusogezea tarehe, mnyang'anye kalamu.